Miezi miwili ya kuishtaki serikali Arusha

Kila serikali inapotuhumiwa kuivunja Katiba, mabishano ya mawakili hapa Arusha hurudi palepale: mwananchi aanzie Mahakama Kuu, au apeleke shauri moja kwa moja Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, pale kwenye jengo la Jumuiya ya Afrika Mashariki? Wanaotaka aanzie nyumbani wanasema mambo ya Katiba ya nchi yaamuliwe na majaji wa nchi, na anayekimbilia Jumuiya anaruka ngazi. Si hoja ya kubeza. Ibara ya 26(2) ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kufungua shauri ili Katiba na sheria za nchi zilindwe, na ibara ya 30(3) inampeleka Mahakama Kuu yule ambaye haki zake zimevunjwa. Lakini wanaosema hivyo huwa hawaitazami kalenda.

Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya inataka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu sheria ilipotungwa, agizo lilipotolewa au kitendo kilipofanyika. Kama hayo hayakuwa wazi, inahesabiwa tangu siku mlalamikaji alipojua. Hakuna dirisha la kuomba kuongezewa. Mwaka 2012 Divisheni ya Rufani ya mahakama ya Jumuiya, inayopokea rufaa za Divisheni ya Kwanza, ililisema hilo waziwazi katika shauri la mateso na mauaji ya Mlima Elgon, Kenya, ya kati ya 2006 na 2008. Walalamikaji walidai ukiukaji ule ulikuwa ukiendelea, na Divisheni ya Kwanza ikawakubalia. Rufani ikasema Mkataba haujaipa mahakama uwezo wa kuupuuza muda huo. Shauri likafia hapo, na hakuna aliyefika kuulizwa kama watu waliteswa au la.

Sasa linganisha na mwendo wa nyumbani. Shauri la Rebeca Gyumi kuhusu umri wa kuolewa liliamuliwa na Mahakama Kuu Julai 2016. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilionekana kwenda kinyume na Katiba, na Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Hiyo ni miaka mitatu na ushee, na mlalamikaji ndiye aliyeshinda! Mtu akifuata ushauri wa kuanzia nyumbani, siku Mahakama Kuu inapopanga tarehe ya kwanza ya kutajwa huenda miezi miwili ya Arusha imeshakatika. Anaambiwa asiruke ngazi, na ngazi yenyewe inaondolewa angali chini.

Ndiyo maana anayewahi Jumuiya hastahili kuitwa mtoro. Mkataba haumdai amalize kwanza njia za ndani. Wala haombi majaji wa Uganda au Rwanda waitafsiri Katiba ya Tanzania. Anachodai ni kwamba kitendo kile kimevunja ibara za 6(d) na 7(2) za Mkataba, zinazozungumzia utawala bora na utawala wa sheria, ahadi ambazo nchi ilizitia saini yenyewe mwaka 1999. Baraza la Habari Tanzania lilifanya hivyo. Sheria ya Huduma za Habari ilipita Novemba 2016, shauri likafunguliwa Januari 2017, na hukumu ya Machi 2019 ikavikuta vifungu kadhaa vinakwenda kinyume na Mkataba. Bunge lilikuja kuigusa sheria hiyo mwaka 2023. Ni taratibu, lakini ilisogea.

Tofauti ni kwamba Baraza la Habari lina ofisi na mawakili. Chukua Loliondo, wilayani Ngorongoro, Agosti 2017, maboma ya wafugaji yalipochomwa. Vijiji vinne, Ololosokwan kikiwemo, vilifungua shauri ndani ya muda. Ubishi mkubwa ukawa mahali: moto uliwaka kwenye ardhi ya kijiji au ndani ya Hifadhi ya Serengeti? Kulithibitisha hilo kunataka vipimo vya GPS vya kila boma, vilinganishwe na ramani ya kijiji na mpaka wa hifadhi, kisha hati za kiapo za watu ambao wakati huo wanahangaika na ng'ombe na pa kulala. Septemba 2022 shauri lilitupwa kwa ushahidi kutotosha. Novemba 2023 Divisheni ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo na kuagiza lisikilizwe upya.

Upande wa Serikali una la kusema juu ya muda. Utawala hauwezi kukaa roho juu miaka kumi ukisubiri kushtakiwa kwa kila agizo, na mahakama isiyodai njia za ndani zimalizwe ingefurika bila ukomo mfupi. Sawa. Lakini Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya inatoa miezi minne, tena baada ya mtu kumaliza mahakama za kwao. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapahapa Arusha, inadai muda wa kuridhisha tu baada ya njia za ndani. Hiyo ingemfaa aliyeanzia nyumbani, ila Tanzania iliondoa tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko, na tangu 22 Novemba 2020 mashauri mapya ya aina hiyo hayapokelewi.

Miezi miwili yenyewe haikuwemo kwenye Mkataba wa mwanzo. Iliingizwa kwa haraka kati ya Desemba 2006 na Machi 2007, baada ya mahakama ya Jumuiya kusimamisha wabunge wa Kenya wasiapishwe katika Bunge la Afrika Mashariki. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kilishtaki, na mwaka 2008 mahakama ikakubali kwamba wananchi hawakushirikishwa na kwamba utaratibu huo ulikiuka Mkataba. Kisha ikayaacha marekebisho yasimame.