"Unloose" ni kufungua au kukaza?

Juzi mtoto wa dada kaniletea insha yake ya Kiingereza imejaa wino mwekundu. Alikuwa ameandika babu "unloosed" kamba ya ng'ombe, mwalimu kakata neno zima halafu pembeni kauliza: kaifungua au kaikaza?

Swali lina mantiki, sikatai. Tangu shule ya msingi tunakaririshwa "un-" inageuza maana, "tie" kufunga, "untie" kufungua. Sasa kama "loose" ni kulegeza, ukiigeuza si unakaza?

Ila tatizo ni kwamba watu walioitumia hawakumaanisha kukaza. Tyndale aliitumia 1526 alipotafsiri Agano Jipya, Biblia ya King James ya 1611 ikaibakiza, pale Yohana Mbatizaji anaposema hastahili kuilegeza gidamu ya viatu vya huyo anayekuja. Gidamu ni ule mkanda wa kiatu, na hapo kwenye kuilegeza ndipo Waingereza waliweka "unloose". Shakespeare naye kwenye Henry V anamsifia mfalme kwamba fundo gumu la siasa atalifungua kirahisi kama mkanda wa soksi yake, neno ni hilohilo. Mkanda wa kiatu, fundo, baadaye kuachia kitu kilichozuiwa kiende zake, kote huko kuna kulegea tu.

Kinachosahaulika ni kwamba Kiingereza kina "un-" mbili. Ile ya "unhappy" inakanusha. Ile ya "untie" ina asili nyingine kabisa, ndugu yake ni "ent-" ya Kijerumani, na kazi yake ni kuonyesha kitu kinaachanishwa, kinatoka pale kilipokuwa. Ukiibandika kwenye kitenzi ambacho tayari ni cha kulegeza haigeuzi kitu, inakazia tu tendo.

Na sisi Waswahili ndio tungekuwa wa mwisho kushangaa jamani! Funga fungua, kunja kunjua, ziba zibua, sawa, -ua inageuza. Haya, kuna wanaosema kukama ng'ombe na kuna sisi tunaosema kukamua, nani amewahi kudhani kukamua ni kurudisha maziwa kwenye chuchu? Au songa na songoa. Umeshika kanga ncha mbili unaisongoa, mikono inauma, maji yanatiririka hadi miguuni, hakuna anayekuuliza mbona unaiachia. -ua ileile, ila hapo imezidisha nguvu tu, na hakuna mwalimu wa Kiswahili anayekata kukamua kwa wino mwekundu.

Upande wa mwalimu wana hoja moja nzito, nayo ni "inflammable". Maana yake kinachoshika moto haraka, lakini watu wakihisi ile "in-" inakanusha wanaweza kudhani hakiungui, ndiyo maana wenye mambo ya usalama wakahimiza "flammable" kwenye lebo. Pale ni roho za watu, nakubali kabisa. Na hata Biblia za karne iliyopita, kama RSV, zimehamia "untie". Lakini kamba ya ng'ombe si lori la petroli, anayesoma babu yuko zizini asubuhi na ng'ombe anakwenda malishoni anajua kamba imefanywaje.

Mtoto nimemwambia kwenye mtihani aandike "untied" achukue maksi zake. Kwenye insha ya nyumbani amrudishe babu na neno lake, na lile swali la pembeni aende akalijibu kwa mdomo, kukamua anakujua.