Kilima cha Cadbury: Ngome Imeonekana, Mfalme Je?

Katika chumba cha walimu cha shule moja hapa Nairobi, mimi nifundishaye fasihi na mwenzangu wa historia tumekuwa tukibishana juu ya Cadbury, kilima cha Somerset nchini Uingereza chenye magofu ya ngome, ambacho wengi hukiita Camelot, makao ya Mfalme Arthur wa ngano.

Hoja ya mwenzangu, kwamba hapo ndipo Camelot yenyewe, ni nzito. Mwanaakiolojia Leslie Alcock na wenzake walichimba pale kuanzia 1966 hadi 1970, wakabaini kwamba ngome hiyo, iliyokuwapo tangu kabla ya Warumi, ilizungushiwa ukuta mpya wa mawe na mbao wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1 mnamo mwishoni mwa karne ya 5 au baadaye kidogo. Walikuta mashimo ya nguzo za ukumbi wa takriban mita 20 kwa 10, pamoja na vigae vya mitungi iliyotoka mashariki mwa Mediterania. Vigae hivyo havipuuziki, kwani aliyeletewa mitungi kutoka mbali kiasi hicho, ilhali dola ya Warumi imekwisha kuondoka kisiwani, hakuwa kabwela.

Hayo nayakubali, kinachonikwama ni jina. Camelot inatajwa kwanza na mshairi Mfaransa, Chrétien de Troyes, katika karne ya 12, yaani miaka 600 hivi baada ya ukuta huo. Aliyekibandika kilima jina hilo kwa maandishi ni John Leland, Mwingereza mtafiti wa mambo ya kale, mwaka 1542, akitegemea wenyeji waliomsimulia hata habari za kiatu cha farasi cha fedha kilichookotwa pale. Jirani pana kijiji cha Queen Camel, na nashuku kwamba mfanano wa majina ndio uliomteka. Sururu humfichua mtawala tajiri, lakini haimtaji.

“Mwalimu, mbona kaburi la Liyongo kule Kipini hulikatai?” hunirudi mwenzangu, akijua kwamba hakuna darasa langu lililowahi kudai kuonyeshwa ile sindano ya shaba iliyomuua shujaa huyo. Swali lina mwiba, ila utendi wa Liyongo ulikulia pwani ileile, katika lugha ya haohao wanaolionyesha kaburi, ilhali Camelot ilivuka bahari kutoka kwa Wafaransa.

Hata hivyo, kamati iliyosimamia uchimbaji wa Cadbury yenyewe ilijiita kwa jina la Camelot, na sidhani kwamba pasipo ngano hiyo fedha za kuvifukua vigae vile zingepatikana.