Mmebadilisha -n, maelezo mmemwachia nani?

Jumanne saa tano usiku seva ya kazini inalia diski imejaa, mimi niko kitandani laptop juu ya mto. Tuna kiskripti chetu cha kufuta logi (kumbukumbu za mfumo) za zamani na README, faili lake la maelezo, inasema wazi kabisa: opsheni ya -n, inaonyesha tu itakachofuta, haifuti. Kama kwenye programu za rsync na make, -n ya siku zote. Nikapiga enta nikisubiri orodha. Kilichokuja ni "Mafaili 412 yamefutwa." Kumbe wiki tatu nyuma kuna mtu kaipa -n kazi ya "usiulize, futa tu", na ile ya kujaribu siku hizi ni --dry-run. README? Imetulia pale pale, inadanganya kwa kujiamini.

Asubuhi namuuliza mhusika, kaka, maelezo vipi? Ananijibu "si ungecheki --help". Nikacheki, yale maelezo mafupi yanayotoka kwenye skripti yenyewe. Nayo ya zamani! Nilicheka mwenyewe kama mwehu.

Sasa jamani, aliyegusa opsheni aguse na maelezo yake kwenye komiti (rekodi ya mabadiliko ya kodi) hiyo hiyo, sio "nitarudi baadaye", hiyo baadaye sijawahi kuiona ikifika, na anayepitia kazi ya mwenzake akikuta opsheni imebadilika maelezo hayajaguswa airudishe, tusioneane haya. Kama hamjiamini, na mimi mwenyewe sijiamini, mashine ifanye. Angalieni curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, opsheni zaidi ya 250, kila moja ina faili lake la maelezo, humo humo ndimo zinamotoka man page (ukurasa wa mwongozo) na --help, halafu kuna testi ya kulinganisha, ukisahau kuandika inakukatalia. Sisi tuna opsheni tisa. Tisa!

Haya, nakubali, mashine itakwambia opsheni ipo, haitakwambia uitumie lini, hapo lazima mtu akae aandike. Na kubadilisha sio dhambi. Watu wa grep, programu ya kutafuta maneno kwenye mafaili, wanataka tuachane na amri yao ya zamani egrep, basi tangu toleo la 3.8 mwaka 2022 ukiiita inafanya kazi ila inakunung'unikia kwanza. Si mngeninung'unikia na mimi?

Logi tumezitoa kwenye bakapu, zote isipokuwa za Jumanne yenyewe, yaani zile zile nilizokuwa nazihitaji. README nimerekebisha, --help nimerekebisha, komiti moja. Imekaa siku ya nne inasubiri mtu aipitie.