Semina ya Zabibu

Jumapili iliyopita, saa nne usiku, kijumbe wetu aliandika kwenye kundi la safari: "Jamani, keshokutwa ndiyo hiyo. Nyumbani na kazini tuseme tunakwenda semina. Tusipishane kauli." Kabla sijamaliza kusoma, wawili walishaweka dole gumba. Watu wazima hao. Mmoja ana mjukuu.

Sikuweka dole. Niliilaza simu kifudifudi, nikaenda kunywa maji.

Kwani tunakwenda kuiba? Tunakwenda Cape Town siku tano kuonja mvinyo. Tumechanga sh 250,000 kila mwezi tangu Machi mwaka jana, hela zetu halali. Tulianza saba, tumebaki wanne, na kwa desturi za safari za Dar hapo ni kumshukuru Mungu.

Mipango yenyewe haikutusumbua sana. Mtanzania haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90. Kadi ya homa ya manjano mimi huibeba kila safari. Tumechagua Februari kwa sababu ndio msimu wao wa kuvuna, na sioni faida ya kupanda ndege mbili kwenda kutazama miti mitupu. Ugomvi ulikuwa ratiba. Dada mmoja alileta ratiba ya mashamba sita kwa siku moja, na gari la kukodi tujiendeshe wenyewe, "kwani si wanaendesha kushoto kama sisi?" Sita! Kila shamba linakumiminia aina tano au zaidi. Ukifika la nne ulimi umeshakuwa kandambili, huonji tena, unakunywa tu, na kwa kunywa tu Sinza panatosha. Tukakubaliana matatu kwa siku, na kwenye miji ya mvinyo nje ya Cape Town, Stellenbosch tuchukue dereva, na Franschhoek tupande ile tramu inayozungusha watu kwenye mashamba. Kuhusu kutema, maana waonjaji hutema ili wasilewe, kijumbe ameapa hatemi kitu alichokilipia. Ndoo ya kutemea watamwekea mbele yake, atajijua.

Na kabla hamjaniuliza kwa nini nisipande SGR niende Dodoma kwenye zabibu zetu: nimekwenda, na nitakwenda tena. Asubuhi unapanda, mchana unakula Dodoma. Lakini mtu akienda Zanzibar hamumwulizi kwa nini hakwenda Kigamboni.

Nirudi kwenye semina.

Hivi ni nani alitufundisha kwamba Mswahili hasafiri mpaka awe na sababu inayoeleweka? Kuna msiba, kuna harusi, kuna matibabu, kuna mzigo wa kufuata Guangzhou, kuna semina. Nje ya hapo unaonekana umelogwa. Mtu anafanya kazi miaka kumi na minane, likizo anamalizia kwenye foleni ya benki na vikao vya harusi za watu, na siku akitaka kwenda kuona mzabibu unavyopandwa anatunga barua ya mwaliko. Nawajua wawili waliorudi na begi la semina la kununua Kariakoo. Tunajifunza uongo wa kitoto ukubwani, halafu tunashangaa watoto wanatudanganya kuhusu masomo ya ziada.

Ninachokiona mimi ni kwamba uongo huu unakula safari yenyewe. Chukua Groot Constantia, tutakayoanza nayo. Ni shamba la tangu 1685, la Simon van der Stel, Mholanzi aliyeitawala Cape wakati huo, na mvinyo wake mtamu ulikuwa ukipelekewa Napoleon kisiwani Mtakatifu Helena alikofungwa. Hadithi hiyo utaikuta kila mahali. Lakini mizabibu ya Cape ilipandwa na kupogolewa na watumwa, na wengine walitolewa upande wetu huu wa bahari, Msumbiji na Madagaska. Nataka kusimama pale nikiwa na glasi mkononi na jambo hilo kichwani, nione kama mvinyo utamezeka. Nataka nirudi nisimulie nyumbani, watoto waulize maswali. Sasa mtu aliyeaga semina atasimulia nini? Atasema ukumbi ulikuwa na kiyoyozi?

Haya, nikiri jambo moja, tena shingo upande. Kijumbe hakulitoa hili hewani. Mwaka juzi alimwambia shangazi yake ukweli kwamba anakwenda Mauritius kupumzika. Ndege haijatua, ujumbe umeingia: ada ya mtoto, bati za nyumba ya kijijini, na mtu wa tatu hata hamjui. Ukisema unakwenda kustarehe, ukoo unasikia una hela za kuchezea. Ukisema semina, wanakuhurumia. Hilo ni kweli, na sina dawa yake.

Ila mimi pia nilidanganya. Ndiyo. Mwezi wa Desemba, kabla hasira hizi hazijanipanda, nilimwambia mama nina semina Afrika Kusini. Juzi alikuja Tabata akanikuta napanga begi. Akaketi kitandani, akainua buti zangu, akazigeuza nyayo akizitazama.

"Mwanangu, semina gani ya kuvaa buti za shambani?"

Nikakaa kimya. Kisha nikasema: kuonja mvinyo, mama.

"Divai?"

Divai. Mama ni Mkatoliki, na kwake hicho kitu kina jina moja tu, la altareni. Nikasubiri kuhubiriwa. Badala yake akaanza kucheka, akaniambia jambo ambalo katika miaka arobaini na moja sijawahi kulisikia: usichana wake, kule Dodoma, alikuwa akichuma zabibu kwa vibarua. Walianza alfajiri jua halijawa kali. Vidole vilinata mpaka huwezi kufunga kanga, na nyuki walikufuata mpaka njia ya nyumbani. Akanionyesha kidole gumba cha kushoto, alama ndogo ya makasi kwenye kiungo. Alama hiyo nimeiona maisha yangu yote, nikidhani ni ya kisu cha jikoni.

"Ukifika," akasema, "waulize wanavuna mara ngapi kwa mwaka. Sisi tunavuna mara mbili."

Wao mara moja. Hilo nalijua tayari, lakini nitauliza, kwa sababu nimetumwa. Pia ameniagiza chupa moja, "isiwe kali".

Naandika hapa Terminal 3, ndege ya Johannesburg bado saa nzima. Teksi ilitukwamisha Tazara nusu saa, lakini tumefika wote wanne. Kwenye dirisha la uhamiaji kijumbe alitangulia, shati limepigwa pasi, bahasha ya kaki kwapani. Sijui ndani aliweka nini.

"Mnakwenda kufanya nini?"

"Semina," akajibu, sauti ya mwenyekiti kabisa.

Afisa akafungua pasi, akagonga muhuri, akaishika kidogo kabla ya kumrudishia. "Semina ya nini?"

Kijumbe akageuka, akanitazama mimi.