Nyuzi za utumbo na konseto iliyopotea

Ukienda kusikiliza okestra ya ala za zamani London, Vienna au Freiburg, mara nyingi utakuta programu ya aina hii: simfoni ya Haydn, mtunzi wa Austria wa karne ya 18, ya kufungulia; konseto ya selo katikati, yaani kazi ambayo ala moja, hapa ile fidla kubwa ya sauti nzito, hutangulia mbele ya okestra; na Mozart, wa zama hizo hizo, ya kumalizia. Wapigaji ni wachache. Fidla zao zina nyuzi za utumbo wa kondoo, pembe hazina vali, vile vitufe vya kubadilishia nota, na mpiga selo ameibana ala yake kwa mashavu ya miguu, bila kile kijiti cha chuma kinachochomekwa sakafuni. Wakipatanisha sauti, sikio lenye mazoea linashtuka kidogo, maana nota ya A imeshuka hadi mitetemo 430 hivi kwa sekunde, wakati okestra za kawaida huiweka kwenye 440.

Sasa ni zaidi ya nusu karne watu wanabishana kama hiyo ndiyo sauti halisi ya muziki ule au ni mtindo tu uliovalishwa kanzu ya historia.

Wanaoitetea wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote kwangu ni ya pembe. Pembe isiyo na vali haina nota zote. Zinazokosekana mpigaji huzitafuta kwa kuingiza mkono wa kulia ndani ya mdomo wa pembe na kuuziba kiasi, kwa hiyo nota moja hutoka wazi, ya pili hutoka imekabwa kama mtu anayesemea kwenye leso. Vali zilikuja mwanzoni mwa karne ya 19 zikazilainisha nota zote zikawa sawa. Ila Haydn aliandikia pembe ya kukabwa, na alijua anachofanya. Simfoni yake ya 45 ya mwaka 1772, ile ambayo wapigaji huinuka mmoja mmoja mwishoni na kuondoka, aliiweka kwenye ngazi ya nota ya ajabu kwa wakati ule, hata ikabidi itolewe oda ya mirija maalumu ya pembe ili ipigike. Mtunzi anayehangaika kiasi hicho na mirija hawezi kuwa alikuwa anasubiri pembe bora zaidi zigunduliwe.

Hapo nawaunga mkono bila shida. Wakianza kusema wamerudisha kile alichokisikia Haydn, nabaki nyuma.

Tuchukue ukubwa wa okestra. Mwaka 1781 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Vienna kwa furaha tupu: simfoni yake ilipigwa na fidla 40, besi 10, selo 8, ala za kupuliza zote zikiwa maradufu. Hakulalamika kwamba ni nyingi mno. Kwa hiyo anayepiga Mozart na watu 20 na kuuita huo ndio usahihi anachagua ushahidi unaompendeza.

Au kile kidole kinachotikiswa juu ya uzi ili sauti itetemeke. Wengi wa kambi ya ala za zamani wanakiepuka wakisema ni tabia ya karne ya 20. Baba yake huyo huyo Mozart, Leopold, kwenye kitabu chake cha kufundishia fidla cha mwaka 1756, aliwakemea wapigaji wanaotetemesha kila nota kama wenye homa. Kila upande humtaja yeye. Mmoja husema: mnaona, alikataza. Mwingine hujibu: mtu hakemei jambo lisilotendeka. Wote wako sahihi, na ndiyo maana ushahidi huu haumalizi ugomvi.

Mwanahistoria wa muziki Mmarekani Richard Taruskin alikwenda mbali zaidi. Alisema kasi ile, wepesi ule na ukavu ule tunaouita wa kale ni ladha ya watu wa leo, na historia imetafutwa baadaye ili kuipa hadhi. Waliojibu kwa hasira, nadhani, ni kwa sababu aligusa kidonda. (Waliokulia kwenye mabishano ya taarab asilia na ya kisasa watautambua mchezo: neno "asilia" hutumika kama rungu, na anayelishika ndiye huamua asili inaanzia mwaka gani.)

Sasa tuje kwenye selo yenyewe, maana hapa kuna kisa ambacho mabishano haya hukipita haraka. Konseto ya Haydn ya C aliitunga katika miaka ya 1760 kwa ajili ya Joseph Weigl, mpiga selo wa okestra ya mwajiri wake, mwinyi Esterházy. Kisha ikapotea. Nakala yake ilionekana Prague mwaka 1961, na mwaka uliofuata ikapigwa huko huko na Miloš Sádlo, kiongozi wa okestra akiwa Charles Mackerras. Wakati huo Nikolaus Harnoncourt, naye mpiga selo, alikuwa tayari ameunda Concentus Musicus, okestra ya ala za zamani, huko Vienna mwaka 1953 na kuipandisha jukwaani mwaka 1957. Maana yake, okestra ya nyuzi za utumbo ilianza kusikika kabla konseto hii haijafufuka. Hakuna mapokeo ya babu kwa mjukuu ya kulinda hapa. Selo ya kisasa yenye nyuzi za chuma haina ukongwe wowote juu ya kazi hii, na ya utumbo pia haina. Kambi zote mbili zimeipokea ikitoka kabatini.

Kwa hiyo inabaki kusikiliza tu. Kwenye sehemu ya pili, ile ya polepole, ala za kupuliza hunyamaza na nyuzi huanza peke yake. Selo inaingia kwa nota moja ya C, ndefu, wakati fidla zinaendelea na wimbo wao. Kwa chuma na kidole kinachotikisika, unajua papo hapo mwenye kazi amefika. Kwa utumbo, nota ile haina ukingo. Inakuwepo kabla hujaisikia, kisha inanenepa, na unagundua kwamba ilikuwa imejificha ndani ya fidla. Mimi nachagua hii ya pili, na sababu yangu ni sikio, si miaka ya 1760.

Lakini nimeisikiliza kwa hedifoni, na hapo kuna udanganyifu. Maikrofoni imesogezwa hadi kwenye selo. Katika ukumbi wa watu 2,000, uliojengwa kwa ajili ya Wagner na wenzake, watunzi wa okestra kubwa za karne ya 19, nota isiyo na ukingo inaweza isifike safu ya 20. Nyuzi za utumbo nazo hulegea kwa joto na unyevu, kwa hiyo kati ya sehemu na sehemu kuna kukaza, kujaribu, kukaza tena, na msikilizaji aliyelipia tiketi anayaona yote hayo.

Harnoncourt mwenyewe alilijua hilo. Aliporekodi simfoni tisa za Beethoven mwanzoni mwa miaka ya 1990 hakuwachukua watu wake wa Concentus. Alikwenda na Chamber Orchestra of Europe, vijana wenye ala za kisasa, akawaachia nyuzi zao. Tarumbeta ndizo alizotaka ziwe za zamani, zisizo na vali.