Kupika vya watu kwa watu wako, mimi nimekoma

Mimi nina ugonjwa mmoja, nikijifunza kupika kitu kipya siwezi kutulia nacho mwenyewe, lazima nikipeleke kwa ndugu zangu wakaone kwamba mtoto wao kaendelea. Sasa juzi nilikuwa naenda kwa dada kukaa siku nne, mama naye yuko hukohuko, nikasema hapa ndo penyewe, hawa watu wanakula vilevile kila siku mpaka lini. Nikabeba chupa kubwa ya kimchi niliyotengeneza kwa mkono wangu, na mchele wa arborio wa kupikia risotto, ule wali mzito wa Waitaliano. Shati nilibeba mbili tu, begi lote lililobaki lilikuwa msosi.

Kwa asiyeijua, kimchi ni kabichi ya Kichina, unaipaka chumvi inakaa masaa mpaka ilegee, unaisuuza, halafu unaipaka pilipili ya unga ya Kikorea wanaiita gochugaru, na kitunguu saumu, tangawizi, sosi ya samaki, unashindilia kwenye chupa unaiacha ichache. Hapo kwenye kuchacha ndo kwenye kesi, maana wale bakteria wanaochachua wanatoa gesi, na mimi kwa akili zangu nilikaza kifuniko kwa nguvu zote najua nazuia isimwagike, kumbe naunda bomu. Safari ndefu, joto, begi liko miguuni, nasikia tssssss. Harufu ikapanda taratibu. Jirani yangu wa siti akaniangalia. Na mimi nikamwangalia yeye, tena kwa kukunja uso kabisa, ili abiria wengine wajue ni yeye.

Kufika, nikaiweka kwenye friji la dada. Haikupita saa nzima mpwa wangu akaja mbio, "Mjomba, kuna kitu kimefia kwenye friji." Dada hakusema kitu, alifungua madirisha tu, moja baada ya jingine, huku ananiangalia. Mimi nikaanza kujitetea, nikamwambia mama hii sio takataka, UNESCO wameuweka utamaduni wa kuitengeneza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kule Korea Kusini familia na majirani wanakusanyika kuitengeneza kwa pamoja kabla ya baridi kali, wakaorodheshwa 2013, na Korea Kaskazini nao ya kwao ikaorodheshwa 2015, yaani hawa watu hawaelewani karibu kwa kila kitu ila kwa kimchi wako pamoja. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na hao UNESCO wanakuja kula saa ngapi?"

Shemeji ndo alijitosa, yeye ni mtu wa kujifanya mwamba, akachota kijiko kizima. Macho yakamtoka. Akakimbilia maji, nikampigia kelele shemeji acha maji, kunywa maziwa, maana ule mwasho wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hauyeyuki, ukinywa maji unausambaza mdomo mzima. Akaona namtania. Kanywa glasi tatu za maji na jasho likamtoka hadi masikioni, baadaye kabisa ndo akanyoosha mkono kuomba maziwa bila kunitazama.

Sawa, nikasema kimchi sio ya kila mtu, mimi heshima yangu naitafuta kwenye risotto. Nani anaweza kukataa wali jamani?

Risotto haina siri, ina kazi. Unakaanga mchele kidogo na kitunguu, unaweka mvinyo mweupe (mimi niliruka, mama yupo), halafu unatia supu ya moto upawa mmoja mmoja huku unakoroga, ikinyweka unaongeza, dakika kama 18 hivi, ile wanga inayotoka kwenye mchele ndo inafanya uwe mzito na laini bila krimu. Sasa jaribu kusimama kwenye jiko la mtu dakika 18 unakoroga wali. Kila anayepita ana ushauri. Dada kapita, "Si ungefunika tu?" Shemeji kapita, sauti bado haijarudi vizuri, "Maji umeweka machache." Mtoto kapita kaniuliza kama jiko limeharibika. Mama yeye hakupita, alivuta kigoda akakaa, akawa ananiangalia kama mtu anayeangalia ajali inakuja kwa mbali.

Nikaepua, nikatia siagi na jibini ya Parmesan, nikapiga mwiko, ikang'aa! Mama akachukua punje moja, akaiminya kwa vidole viwili.

"Una kiini huu."

"Mama, ndo unavyoliwa, ule ugumu kidogo katikati ndo wenyewe wanautaka."

"Na matumbo hayawaumi?"

Nikaenda kunawa mikono. Kunawa tu! Narudi nakuta sufuria iko motoni, imetiwa vikombe viwili vya maji, imefunikwa, na mama anapanga sahani. Kilichotoka pale unaweza kubandikia karatasi ukutani. Na mezani jina likabaki langu, kila mtu "mh, wali wa mjomba huu", wengine wameshiba kabla hawajaonja. Nilikula sahani mbili peke yangu kwa hasira.

Siku ya tatu mchana nimelala, naamka nasikia harufu nzuri inatoka jikoni, watu wako mezani wananyang'anyana, shemeji mwenyewe anafuta sahani. Naonja, tamu balaa. Nauliza ni nini. Mama anajibu bila wasiwasi, "Si ile kabichi yako iliyooza. Nimeiosha na maji mara tatu nikaikaanga na mafuta."

Kaiosha! Wiki tatu za kuchachua, gochugaru ya kuagizia, bomu begini, mama kaisuuza kama leso. Na wote "mama kapika, mama kapika". Usiku nikaingia kwenye simu kutafuta ushahidi wa kumwonyesha kwamba kaharibu chakula cha watu. Nikasoma, nikasoma. Kumbe Wakorea wenyewe kimchi ikikaa muda mrefu ikachacha sana huwa wanaisuuza hivyohivyo, halafu wanaikaanga kwenye mafuta.

Nikazima simu. Asubuhi mama kaniuliza mbona kimya, nikamwambia nina usingizi.