Msitu Una Haki, Lakini Nani Aushikie Kesi?

Sheria ya Taifa ya Mazingira ya Uganda ya mwaka 2019 ina kifungu cha 4 kinachotamka kwamba maumbile yana haki ya kuwepo, kudumu na kujirudishia uhai wake. Mtu yeyote anaweza kufungua kesi haki hiyo ikivunjwa.

Wapo wanaocheka: msitu utakula kiapo vipi? Kicheko hicho hakina uzito. Kampuni nayo haina mdomo, ila kila siku inashitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Hoja hiyo aliitoa mwanasheria wa Marekani, Christopher Stone, tangu 1972. Sheria tulizozoea humsikiliza mwenye shamba au mvuvi aliyepata hasara. Pori lisilo na mkaazi likiharibiwa, hakuna mlalamikaji. Ekuado iliziba pengo hilo katika katiba yake ya 2008, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikazuia uchimbaji madini katika msitu wa Los Cedros, ingawa vibali vilikuwa vimeshatolewa.

Kasoro ya Uganda imo ndani ya kifungu chenyewe. Kinampa waziri kazi ya kutaja, kwa kanuni, maeneo ya uhifadhi ambako haki hizo zitatumika. Haki iliyotangazwa kwa maumbile yote inabaki pale waziri atakaponyoosha kidole, naye ni waziri wa serikali ileile iliyoridhia visima vya mafuta vya mradi wa Tilenga ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, mafuta yatakayosafirishwa kwa bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga. Serikali ina sababu zake, maana nchi inahitaji mapato. Ila mlinda lango hapaswi kuwa mshirika wa anayetaka kuingia.

Pingamizi linalonisumbua zaidi halitoki kwa wachimbaji. Mlima Elgon ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993, Wabenet waliokuwa wakiishi na kuchunga huko juu wakageuka wavamizi. Mwaka 2005 mahakama iliwatambua kuwa wenyeji wa eneo hilo, lakini malalamiko ya kufukuzwa hayakuisha. Ukiwaambia sasa kwamba mlima una haki zake, watauliza, na kwa haki kabisa, kama huo si uzio mwingine.

New Zealand ilijibu swali hilo kwa namna inayonivutia. Sheria ya 2017 iliyoupa mto Whanganui nafsi ya kisheria iliweka wasemaji wawili: mmoja anateuliwa na koo za Wamaori wa mto huo, mwingine na serikali. Ukatengwa pia mfuko wa dola milioni 30 za nchi hiyo kwa afya ya mto.

Huko Elgon, mfano huo ungemkalisha Mbenet meza moja na ofisa wa serikali, na mmoja asiweze kuuwekea mlima saini bila mwenzake.